Chakula cha Jioni cha Wageni na Watoto Wadogo

Leo twataka kuzungumza habari ya kukaribisha wageni kwa chakula cha jioni katika nyumba yenye watoto wadogo. Pengine mtu atauliza, "Je, jambo hili nalo lahitaji kufundishwa? Nani hapa Songea asiyejua kumpikia mgeni?" Kweli, kumpikia mgeni twajua sote. Lakini kupika chakula ambacho mkubwa na mdogo watainuka wote wameshiba na kufurahi ni jambo la pili, na hilo ndilo tutakalolieleza.

Tazameni mambo yalivyo katika nyumba nyingi siku ya wageni. Kuku huchinjwa mchana, moto huwashwa alasiri, na chakula huiva saa mbili au saa tatu ya usiku. Wageni na wanaume hutengewa kwanza. Kisha hula wanawake. Mwisho kabisa hula watoto, jikoni, katika sinia moja, kile kilichobaki. Mtoto wa miaka 9 ana mkono mwepesi, hupata nyama. Mdogo wake wa miaka 2 hupata tonge lililochovywa katika mchuzi, tena amekwisha kusinzia. Asubuhi yake karamu husifiwa, wala hakuna anayeuliza mtoto yule alikula nini.

Jambo hili si dogo. Mkoa wetu wa Ruvuma ni mmoja katika mikoa inayotoa mahindi mengi sana nchini Tanzania. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka 5, wapatao 36 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko kilivyopasa kwa umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Katika mkoa wa Iringa, ambao nao una mahindi mengi, walikuwa wapata 57. Basi ghala iliyojaa si ushahidi kwamba mtoto amelishwa vema. Mahindi hujaza tumbo, lakini mwili wa mtoto hujengwa pia kwa maharage, samaki, nyama, mayai, maziwa, mboga za majani na matunda.

Udumavu una sababu nyingi, na maradhi na maji machafu ni miongoni mwazo. Jioni moja haimdumazi mtoto, wala haimponyi. Lakini siku ya wageni ndiyo siku ambayo vyakula vizuri hukutana katika nyumba moja. Ikiwa hata siku hiyo mtoto mdogo hapati fungu lake, atalipata siku gani? Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtoto naye ni mwenyeji, yafaa apone pamoja na wengine.

Tuanze na saa. Mtoto mdogo hawezi kungoja. Tumbo lake ni dogo, hujaa upesi na kuwa tupu upesi, na usingizi humshika mapema. Kwa hiyo waambieni wageni wafike saa kumi na moja, na chakula kiwe tayari saa kumi na mbili na nusu. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Songea inapokuwa kali na jua kutua mapema, mgeni mwenyewe atashukuru kula mapema na kurudi kwake kabla ya usiku kuwa mwingi. Saa kumi wapeni watoto kitu kidogo, kama ndizi moja au kipande cha kiazi kitamu, ili wasifike kwenye chakula wakilia. Msiwape chai, maana chai inyweshwayo karibu na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Pili, tuchague vyakula ambavyo mkubwa atavifurahia na mdogo ataviweza. Hapana haja ya kupika aina mbili. Twaweza kupika ugali, kuku wa mchuzi, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na boga la kuchemsha. Baada ya hayo yaje mapapai au maparachichi. Asiye na kuku atumie dagaa wa Ziwa Nyasa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, nayo humpa mtoto madini ya kujenga mifupa yake mwenyewe. Boga, papai lililoiva na majani ya kijani vina vitamini A, ilindayo macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi, na mafuta ya karanga husaidia vitamini hiyo kuingia mwilini. Hivyo mboga yetu ya karanga ni chakula chenye akili ndani yake, wala tusione haya kumwandalia mgeni.

Hapa tutoe onyo juu ya karanga. Chambueni kwanza, mkatupe zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, kwa maana ukungu huo huweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi. Tena, karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwani huweza kumpalia na kuziba pumzi yake. Zitwangwe hata ziwe laini.

Sasa tuhesabu. Tuseme watu wazima ni 8 na watoto wadogo ni 5. Kilo 2 za unga zatosha, na kilo 1 ya maharage makavu, kuku wa kienyeji 2, nusu kilo ya karanga, boga moja kubwa, na mapapai 2. Maharage yalowekwe tangu usiku uliotangulia, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya hata yapondeke kwa vidole. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu. Atiwe motoni tangu saa nane mchana. Mtu akiyapanga haya siku moja kabla, mama wa nyumba hatashinda jikoni akifukuzana na saa, bali atapata nafasi ya kukaa na wageni wake.

Kinywaji kitakachowafaa wote ni togwa. Pikeni uji mzito wa mahindi, uacheni upoe hata uwe vuguvugu, kisha tieni unga wa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Koroga, funika, na uache hata kesho yake. Mtaona ajabu moja: uji uliokuwa mzito umekuwa mwepesi, ingawa unga uliomo haukupungua. Sababu ni kwamba kimea huukatakata wanga wa mahindi. Ndiyo maana mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika kikombe cha togwa kuliko katika kikombe cha uji mwembamba wa kawaida. Tena, uchachu wake huwapinga vijidudu. Utafiti wa watoto wa Tanzania uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa wale waliokuwa wakipewa togwa walipungukiwa na vijidudu vya kuharisha matumboni mwao. Lakini mikono na vyombo viwe safi, na togwa iliyokaa siku nyingi hata ikawa kali si ya watoto.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: fungu la watoto litengwe jikoni kabla ya chungu kwenda mezani. Kuku akiisha kuiva, na chumvi kidogo imetiwa, lakini pilipili bado, pakueni vipande vya watoto. Baada ya hapo ndipo mtie pilipili ya wakubwa, au iliyo bora, itwangeni na kuiweka kando katika kisahani, kila mtu ajipimie mwenyewe. Ini ni laini, nalo lina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Lafaa sana kwa mtoto. Wa miezi 6 hadi mwaka 1 apondewe chakula chake hata kiwe laini. Wa mwaka 1 hadi miaka 3 akatiwe vipande vidogo, na mifupa na miiba iondolewe. Aliye mkubwa zaidi aweza kula kama sisi. Mchanga asiyetimiza miezi 6 hahitaji kitu ila maziwa ya mama yake.

Kila mtoto awe na sahani yake mwenyewe. Katika sinia moja hakuna ajuaye nani amekula nini, na mdogo hushindwa daima, si kwa kuwa hana njaa, bali kwa kuwa mkono wake haujui haraka. Katika sahani yake mama aona kwa macho yake: nyama imeliwa, mboga imebaki. Na kwa kuwa siku hiyo mama ana shughuli nyingi, achaguliwe mtu mmoja, shangazi, bibi, au baba mwenyewe, ambaye kazi yake ni kumlisha mdogo kwa upole, bila kumshindilia wala kumkemea. Naam, tumesema baba mwenyewe. Hakuna sheria inayokataza.

Wako watakaosema, "Kumpakulia mtoto kabla ya mgeni ni kumvunjia mgeni heshima." Twaiheshimu hoja hiyo, maana heshima ya mgeni ni mali ya nyumba. Lakini tazameni: kutenga kumefanywa jikoni, na sahani zote zafika mezani kwa wakati mmoja. Mgeni bado anatangulia kunawishwa mikono, bado anapewa firigisi na kipande kizuri, bado anaketi mahali pake pa heshima. Hakuna alichopungukiwa. Kilichobadilika ni kwamba mtoto haishi tena kwa bahati ya makombo. Nao wageni walio na watoto wao watafurahi mno kuona mtoto wao amefikiriwa kabla hawajaomba.

Watoto nao wanayo yao ya kutenda. Wawasalimu wageni kwa shikamoo, wanawe mikono kwa maji ya kumiminiwa na sabuni, na wale kwa mkono wa kulia bila kuzungumza chakula kikiwa mdomoni. Mwenye miaka 6 au 7 apewe kazi ya kushika birika na kuwanawisha wageni. Mtoto aliyepewa kazi hujiona ni mmoja wa wenyeji, wala hatapata nafasi ya utundu.

Chakula kikiisha, wagawieni wote matunda, kisha msiwafukuze watoto mara moja. Hii ndiyo saa ya vitendawili. Mzee mmoja aseme, "Kitendawili!" nao wajibu, "Tega!" Mtaona wageni wazima wakishindana na watoto wa miaka 5, na mara nyingi mtoto ndiye ateguaye. Ikifika saa mbili wadogo walale, matumbo yao yamejaa, na wakubwa wabaki na mazungumzo yao.

Basi, mabwana na mabibi, mnaona kwamba hatukuwaambia mnunue kitu kipya kisichopatikana Songea, Mbinga au Namtumbo. Vyakula ni vile vile, kuku ni yule yule, na wageni ni wale wale. Tumeomba mambo matatu tu: saa iwe mapema, pilipili ikae kando, na sahani ya mtoto ipakuliwe kabla chungu hakijatoka jikoni. Mkiyazoea siku ya wageni, yatendeni na siku isiyo na wageni, maana katika siku hizo nyingi ndimo mtoto anamokua.