Unachora dunia ya kubuni? Anzia barabara ya Walikale

Vijana wenye wanachora hadithi za picha hapa Goma wanapenda kutunga dunia zao: mabara, bahari, falme, na karta yake. Shida inaanza wakati wa kutia rangi. Wanaweka theluji kaskazini, na kwenye ikweta wanapaka kijani tupu: msitu, joto, nyoka. Lakini sisi wenyewe tunaishi chini ya digri mbili kusini ya ikweta, na asubuhi motari wa Goma anavaa jaketi nzito!

Sababu ni urefu. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Ukipanda metre 1.000, hewa inapoteza karibu digri sita. Kisangani nayo iko karibu na ikweta, lakini kwenye metre 400 hivi, na joto lake la kawaida ni digri 25. Toa sita na kidogo, unakaribia hali yetu ya kila siku. Hesabu hiyo ndogo inasahihisha nusu ya karta.

Sasa angalia chakula chenye kinaingia sokoni. Viazi na fromage vinatoka Masisi, kule juu penye baridi. Mafuta ya mawese yanatoka Walikale, chini kwenye msitu. Barabara ni moja: unatoka Sake, unapanda, kisha unashuka. Kiazi kikipata usiku wa joto hakizai vizuri. Mti wa mawese nao unaogopa baridi. Ndiyo biashara yenyewe. Falme mbili zenye hali ya hewa moja zitauziana nini? Hata Wladimir Köppen, mwenye kuanza mfumo wake wa kugawa hali ya hewa mwaka 1884, aliangalia kwanza mimea.

Milima inakamata mvua pia. Hewa yenye maji ikipanda inapoa na kunyesha. Ikishuka upande wa pili inapata joto na kukauka. Ndiyo maana kule Rwindi, kwenye bonde katikati ya milima, unakuta majani na viboko, si msitu mzito.

Kuhusu majira: karibu na ikweta jua linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, basi sisi tunapata mvua mara mbili. Lubumbashi, kwenye digri 11 hivi kusini, iko na majira moja tu ya mvua na kiangazi kirefu. Endelea hadi digri 30 hivi: hapo hewa inashuka, na ndipo pa kuweka majangwa makubwa, kama Sahara na Kalahari.

Tahadhari moja, maana wachoraji wengi wanaanguka hapo: kukosa mto si kukosa mvua. Goma inapata mvua nyingi lakini ndani ya muji hakuna mto, juu mawe ya volkano yanameza maji. Mama mwenye kubeba bidon toka ziwani anajua hayo bila karta. Kwa hiyo chora mawe kwanza, mito nyuma.

Na kalamu nyeupe usiiache kaskazini peke yake. Kilele cha Rwenzori, metre 5.109, kiko karibu kabisa na ikweta na kingali na barafu, ingawa inapungua mwaka kwa mwaka. Chini yake, upande wa Beni, watu wanalima kakao.