El Hierro, Volkano Yenye Usingizi wa Mang'amung'amu

Visiwa vya Kanari vya Uhispania vimejipanga katika bahari ya Atlantiki, mkabala na pwani ya Moroko na Sahara Magharibi. Cha mwisho upande wa kusini-magharibi ni El Hierro. Eneo lake ni kilomita za mraba takriban 270, kama sehemu moja ya sita ya Unguja, na wakazi wake ni kama 11,000 tu. Kwa karne nyingi wanajiografia wa Ulaya walikihesabu kuwa ndio ukingo wa dunia waliyoijua. Mwaka 1634 mfalme Louis XIII wa Ufaransa aliamuru ramani za nchi yake zihesabu longitudo kuanzia hapo, na ndivyo ramani nyingi zilivyofanya mpaka mkutano wa kimataifa wa mwaka 1884 ulipoichagua Greenwich.

Kila majira ya baridi watu wa kaskazini mwa Ulaya humiminika Kanari kutafuta jua. Wengi wao huishia Tenerife na Gran Canaria. El Hierro hakina fukwe ndefu za mchanga, na anayefika kwa siku mbili huona miamba myeusi, mawingu na vijiji vichache, kisha akaondoka akidhani amekimaliza. Anayepanga chumba mwezi wa Novemba na kukaa hadi Machi ndiye anayekijua, kwa sababu mambo ya hapa ama huenda polepole sana, ama huja bila hodi. Wenyeji wamedumu kwa kukitazama kisiwa chao kwa subira, na wanasayansi wanaokichunguza nao hawana njia nyingine.

Mlima unaoanzia chini ya bahari

Visiwa vyote vya Kanari vimezaliwa na volkano, na kwa jumla kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo unavyokuta visiwa vichanga zaidi. Fuerteventura, kilicho karibu na Afrika, kina umri wa zaidi ya miaka milioni 20. Miamba mikongwe kabisa inayoonekana El Hierro ina miaka milioni 1.1 hivi. Kilele cha Malpaso kina mita 1,501 juu ya usawa wa bahari, lakini mlima wenyewe unaanzia kwenye sakafu ya bahari, karibu mita 4,000 chini ya mawimbi. Anayetembea El Hierro anatembea juu ya kilele tu. Kiwiliwili chote kimezama.

Kisiwa kina migongo mitatu inayokutana katikati. Ndani ya migongo hiyo mna nyufa zinazopitisha magma, na juu yake vimetapakaa mamia ya vilima vya volkano, vingine vikiwa na kreta ambazo mtu huzizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Volkano inapojijenga upesi, miteremko yake husimama wima kupita uwezo wake wa kujishikilia, na siku moja ubavu mzima hukatika. Bonde la El Golfo, upande wa kaskazini-magharibi, lilitokea hivyo. Makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, zaidi ya kilomita za ujazo 100 za mlima ziliporomokea baharini, na vifusi vyake bado vimetandaa chini ya maji. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba wenye umbo la mwezi mwandamo, unaofikia kimo cha karibu mita 1,000. Leo, chini ya ukuta huo, watu wanalima mananasi na mizabibu.

Kusini, karibu na La Restinga, bandari ndogo ya wavuvi, lava imetanda mpaka ufukweni. Ngozi yake ya juu iliganda ilhali chini yake ujiuji wa moto bado unatiririka. Mtiririko ukaivuta na kuikunja, ikabaki imejipinda kama kamba zilizosokotwa. Ukiinama na kupitisha kiganja, unahisi mahali palipo laini kama palipopakwa rangi, kisha vitundu vidogo vilivyoachwa na gesi iliyokuwa ikitoka jiwe lilipokuwa bado halijashikamana. Kwenye mianya kuna madoa ya kijivu yanayofanana na ukoga. Huo ni ushirika wa kuvu na mwani, viumbe viwili vinavyoishi kama kimoja, na ndio wakazi wa kwanza wa lava mpya. Hutoa asidi hafifu inayoumega mwamba chembe kwa chembe, hadi siku za mbele mmea wenye mizizi upate pa kujishikiza. Kazi hiyo haionekani kwa wiki moja. Lakini anayepita njia ileile wiki baada ya wiki huanza kutofautisha lava ya zamani na ya karibuni kwa wingi wa madoa hayo.

Maji yanayonaswa kwa majani

El Hierro hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha, lava yenye vitundu na nyufa huyafyonza maji kabla hayajapata mkondo. Wasomaji wa Ngazidja, kule Komoro, wanaijua hali hii vizuri, maana kisiwa chao nacho ni volkano changa isiyo na mito ya kudumu, na watu huvuna mvua kwenye birika.

Kinachokiokoa El Hierro ni upepo wa kaskazini-mashariki, ambao wenyeji huuita alisios. Upepo huo hufika ukiwa umebeba unyevu wa bahari, ukapiga miteremko ya kaskazini na kulazimika kupanda. Unapopanda hupoa, na unyevu hugeuka wingu. Juu yake kuna tabaka la hewa kavu na ya joto linalouzuia kupanda zaidi, ndiyo maana mawingu hayo hukaa kwa kawaida kati ya mita 600 na 1,500, hapohapo penye msitu wa mlaureli na miti ya jamaa yake.

Ingia ndani ya msitu huo asubuhi yenye ukungu usimame chini ya mti mmoja. Matone ya ukungu ni madogo mno kuanguka yenyewe. Upepo huyapeperusha kwenda mbele. Yanapogonga jani hukwama, hujiunga na mengine, huteleza hadi ncha ya jani, kisha hudondoka. Hatua chache mbele, palipo wazi, udongo ni mkavu. Chini ya mti umelowa chapachapa. Kwa jumla ya mwaka, mti mzuri unaweza kuupa udongo maji mengi kuliko yale ya mvua peke yake.

Wabimbache, wenyeji wa kwanza wa kisiwa, ambao asili yao ni Waberiberi wa Afrika Kaskazini, waliielewa siri hiyo. Walikuwa na mti mmoja mkubwa uitwao Garoé, wa jamii ya mlaureli, uliosimama mahali ambapo ukungu hupita kwa wingi, na kando yake yalichimbwa mashimo ya kukusanyia maji. Dhoruba iliuangusha mwaka 1610. Mwaka 1949 ulipandwa mwingine wa aina ileile mahali hapo, na leo umevikwa mimea midogo ya kijani shina zima huku mashimo yakiendelea kupokea maji.

Majira ya baridi huleta chanzo cha pili. Upepo wa alisios hupungua ukali, na dhoruba za Atlantiki hupata nafasi ya kufika. Mvua nyingi za mwaka hunyesha kati ya Novemba na Machi. Malisho ya nyanda za juu, yaliyokuwa ya rangi ya majani makavu, huwa kijani; mwezi wa Januari na Februari milozi huchanua. Mvua hizo zikikosekana, balaa hufuata. Ukame wa mwaka 1948 ulikuwa mkali kiasi kwamba watu wengi waliuacha udongo wao wakavuka bahari kwenda Venezuela.

Moto chini ya maji

Majira ya baridi yanayokumbukwa kuliko yote El Hierro ni ya mwaka 2011 kuingia 2012. Dalili zilianza mapema. Kuanzia tarehe 17 Julai 2011 vipimo vya matetemeko vilianza kunasa mitikisiko midogo, mingi isiyohisiwa na binadamu. Taasisi ya Kitaifa ya Jiografia ya Uhispania iliongeza vifaa. Wataalamu waliona vitu viwili kwa pamoja: ardhi ilikuwa imeinuka kwa sentimita chache, na vitovu vya matetemeko, vilivyoanzia chini ya El Golfo kaskazini, vilikuwa vikihamia kusini. Magma ilikuwa ikitafuta njia. Kufikia mwanzo wa Oktoba matetemeko yaliyorekodiwa yalikuwa yamepindukia 10,000.

Tarehe 10 Oktoba mitikisiko ya hapa na pale ilifuatwa na mngurumo usiokatika kwenye vipimo, alama kwamba magma imetoka. Ilitokea chini ya bahari, kilomita kama mbili kusini mwa La Restinga. Wakazi wa kijiji walihamishwa. Maji ya bahari yalibadilika yakawa ya kijani, kisha ya kahawia. Harufu ya salfa ikatanda, na samaki waliokufa wakaelea. Meli ya utafiti Ramón Margalef ilifika mwishoni mwa mwezi huo na kuchora ramani ya mlima mpya ulipokuwa ukikua.

Mawe yalielea pia. Yalifuka moshi juu ya maji, na wanasayansi wakayaita restingolita, kwa jina la kijiji. Ukilipasua moja, nje unakuta ganda jembamba jeusi la basalti na ndani mna kitu cheupe, chepesi, chenye matundu tele. Weupe huo ulizua mjadala mrefu, kwa sababu magma ya kisiwa hiki kwa kawaida hutoa miamba myeusi. Jibu lenye nguvu lilipatikana kwa hadubini: ndani ya baadhi ya mawe hayo mlikuwa na visukuku vidogo mno vya viumbe wa baharini. Sehemu nyeupe, basi, ilikuwa matope ya sakafu ya bahari ya kale, yaliyofunikwa na kisiwa kilipokuwa kikijengwa, na ambayo magma iliyatifua na kuyaoka wakati wa kupanda. Jiwe moja linaloshikika kiganjani lilibeba mashapo yaliyokuwepo kabla El Hierro hakijazaliwa.

Mlipuko ulikoma Machi 2012. Kilele cha volkano hiyo, iliyopewa jina la Tagoro, kiko mita 88 hivi chini ya uso wa bahari. Wakati wa mlipuko maji ya jirani yalizidi asidi na kupungukiwa oksijeni, na hifadhi ya baharini ya La Restinga, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ushirikiano na wavuvi wenyewe, ilionekana imekufa. Lakini Tagoro imeendelea kutoa joto, gesi na madini, yakiwemo chuma, ambayo ni chakula cha viumbe vidogo vilivyo msingi wa ulaji wote wa baharini. Katika miaka michache samaki walirudi, na leo wazamiaji huja kuwatazama.

Kreta iliyogeuzwa betri

Kwa kuwa maji ya mvua na ukungu hayatoshi, kisiwa husafisha maji ya bahari kuondoa chumvi, na kazi hiyo inakula umeme mwingi. Zamani umeme wote ulitokana na dizeli iliyoletwa kwa meli. Mwaka 2014 ulizinduliwa mtambo wa Gorona del Viento: mitambo 5 ya upepo yenye nguvu ya megawati 11.5. Upepo ukizidi mahitaji, umeme wa ziada husukuma maji kutoka bwawa la chini hadi bwawa la juu, lililojengwa ndani ya kreta ya asili kwenye urefu wa takriban mita 700. Upepo ukilegea, maji huachiwa yashuke na kuzungusha turbini.

Katika kiangazi cha mwaka 2019, alisios ulipovuma bila kuchoka, kisiwa kiliishi siku 24 mfululizo bila kuwasha dizeli. Anayekaa majira ya baridi huuona upande wa pili. Hewa hutulia, mapanga ya mitambo husimama, maji ya bwawa hupungua, na mashine za dizeli hunguruma tena. Mwaka huo wa 2019 wote, nishati jadidifu ilitoa zaidi kidogo ya nusu ya umeme wa kisiwa. Hayo ni mafanikio makubwa kwa jamii ndogo hivi, na pia ni somo la wazi kwamba tatizo gumu lililobaki ni kuhifadhi umeme wa kutosha wiki nzima za utulivu.

Waliobaki ukingoni

Magharibi, mahali paitwapo El Sabinar, kuna miti ya jamii moja na mtarakwa wa milima ya Kenya. Upepo umeilaza tangu ikiwa michanga, na matawi yake yote yameelekea upande mmoja hadi kugusa ardhi. Mti mmoja unakuonyesha upepo wa karne kadhaa ulikuwa ukitoka wapi. Kwenye majabali ya El Golfo, nako, anaishi mjusi mkubwa ambaye kwa miongo kadhaa alidhaniwa ametoweka. Katikati ya miaka ya 1970 alithibitishwa kuwa hai kwenye genge ambalo paka, adui yake mkubwa, hupata tabu kulifikia. Sasa anazalishwa katika kituo maalumu na kurudishwa porini.

Afrika Mashariki na visiwa vyake tuna sababu ya kujali haya. Volkano ya Nyiragongo ilifikisha lava katika mji wa Goma mwaka 2002, na mwaka 2021 ikakaribia tena. Volkano ya Karthala ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye birika za mvua za Ngazidja, na watu wengi wakakosa maji ya kunywa. Volkano haina ratiba ya bajeti. El Hierro kiliweza kukihamisha kijiji kwa wakati kwa sababu kulikuwa na vipimo ardhini na watu wa kuvisoma tangu Julai, miezi mitatu kabla ya moto kutoka. Kipimo kinachofungwa leo juu ya mlima uliotulia, kikalindwa, kikasomwa kila siku pasipo habari yoyote ya kutangaza, ndicho kitakachookoa maisha mlima utakapoamka. Kulipia miaka hiyo ya ukimya ni wajibu wa serikali zetu, na kudai ilipiwe ni haki yetu.