Sura ya 4: Mteremko Hauna Mapepo

Ajali kubwa ikitokea mara ya tatu mahali pale pale, husikika sauti mbili. Ya kwanza husema pana mapepo yanayotaka damu. Ya pili, inayojiona ya kisasa, husema madereva wetu hawana akili. Zote mbili zinakera, na ya pili inakera zaidi kwa kuwa husemwa na waliosoma. Dereva mzembe ni mzembe tangu Mombasa hadi Malaba. Kama uzembe peke yake ndio unaoua, vifo vingetawanyika njia nzima. Vinapojikusanya kwenye kilomita chache, hatuna budi kuuliza kilomita hizo zilichorwaje.

Nitaeleza mambo matatu yanayoamua umbo la barabara: mteremko, kona na upana.

Chukua trela la tani 40 linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Ili lisimame, breki hugeuza mwendo huo wote kuwa joto, kiasi cha megajuli 10. Sasa trela hilo literemke mteremko wa asilimia 6, yaani mita 6 chini kwa kila mita 100, bila kuongeza mwendo. Kila kilomita linashuka mita 60, na uzito wake unatoa megajuli 23 na ushee. Matairi na upepo huchukua sehemu ndogo tu. Injini isiposaidia, joto linalobaki kwa breki katika kila kilomita ni karibu sawa na kusimama kabisa mara mbili kutoka mwendo wa 80. Kwa kilomita tano, ni kama mara kumi mfululizo, bila nafasi ya kupoa. Ngoma za breki hupata moto na kutanuka, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga pedali asipate kitu. Breki hizo hizo, asubuhi gereji, zilikuwa nzima.

Ndiyo maana gia ndogo huwekwa juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe mzigo. Wako madereva wanaotoa gia na kuliacha gari lijiteremkie wakidhani wanaokoa mafuta. Ni upuuzi. Injini ya dizeli ya kisasa ikiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya akselereta, hukata mafuta kabisa. Ukitoa gia ndipo inapoyanywa, ili isizimike. Dereva huyo anachoma mafuta na breki kwa pamoja.

Hapo tunafika Salgaa, magharibi ya Nakuru. Barabara inapanda kutoka Nakuru, penye mwinuko wa mita 1,850 hivi juu ya bahari, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Lakini tazama kilima chenyewe kilivyokuwa wakati huo. Upande wa kupanda, malori yenye shehena ya Uganda na Kongo hutambaa, na nyuma yao magari madogo na mabasi hujipanga foleni. Kila dakika uvumilivu hupungua, mpaka mmoja anachomoka kupita. Upande wa kushuka yanakuja malori ambayo breki zimeshachemka. Barabara ya njia mbili isiyo na kizuizi katikati iliwakutanisha hao wawili: asiyeweza kuvumilia na asiyeweza kusimama. Giza huzidisha hatari, lakini mteremko uko pale hata saa sita mchana.

Dawa yake inajulikana: njia ya ziada kwa malori yanayopanda, mahali pa kupozea breki kabla ya kushuka, njia ya pembeni iliyojaa kokoto ya kulinasa lori lililokatika breki, na kizuizi katikati. Baada ya vifo vile, njia za Salgaa zilitenganishwa kwa vizuizi vya zege. Hakuna pepo aliyekemewa na zege. Kilichoondolewa ni nafasi ya kukutana uso kwa uso.

Salgaa imechukua sehemu kubwa ya sura, nayo ilistahili. Kona na upana nitavieleza kwa ufupi.

Kona inayotosha kwa mwendo wa 80, iliyolazwa vizuri kuelekea ndani, inahitaji nusu-kipenyo cha mita 250 hivi. Kwa mwendo wa 100, zinahitajika kama mita 440. Hata hivyo, kona kali kati ya kona kali haiui sana, kwa sababu dereva ameshaonywa na barabara yenyewe. Inayoua ni kona moja kali mwishoni mwa kilomita nyingi zilizonyooka. Kunyoosha barabara kote na kubakiza kona moja ni kutega mtego.

Upana nao haujawahi kuwa usalama wenyewe. Njia ikipanuliwa, mwendo hupanda, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Mwaka 1998 Uswidi iliichukua barabara ya E4 karibu na Gävle, yenye upana wa mita 13, na badala ya kuipanua ikaigawa njia tatu: mbili upande mmoja, moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kipande, na waya wa chuma katikati. Kupita gari lingine kukawa na mahali pake. Barabara za aina hiyo zilipoenea, vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo, wasomaji, eneo lenu likipata sifa ya kunywa damu, msiishie kwenye maombi wala kwenye kumlaani dereva. Nendeni kwa wakala wa barabara mkaulize mambo manne: mteremko ni asilimia ngapi na kwa urefu gani, dereva anaona mita ngapi mbele, nusu-kipenyo cha kona ni kiasi gani, na katikati pametenganishwa na nini. Mhandisi anayewajibika anayo majibu hayo kwenye michoro yake, na ninyi mna haki ya kuyajua.