Kamera Ileile, Majina Mawili, Bei Mbili

Hebu fikiria meza ya duka la kamera huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2014. Juu ya meza kuna kamera mbili ndogo, za kutia katika mfuko wa koti. Moja imeandikwa Panasonic LX100. Bei yake ni dola 900. Ya pili imeandikwa Leica D-Lux, na mbele ina kidoa chekundu. Hiyo inauzwa karibu dola 1,200. Tofauti ni kama dola 300.

Sasa tuzitazame kwa ndani. Lenzi, yaani kile kioo cha mbele kinachoingiza mwanga, ni ileile. Kile kibao kidogo cha umeme kinachonasa picha badala ya filamu ni kilekile. Kumbe zote mbili zimetengenezwa na kampuni moja ya Japani, nayo ni Panasonic.

Je, hakuna tofauti kabisa? Ipo, lakini ni ya juu juu. Umbo la nje limebadilishwa kidogo. Maandishi ya kwenye kioo cha nyuma yamepangwa kwa namna nyingine. Mnunuzi wa Leica alipewa pia programu ya kompyuta ya kutengenezea picha. Kisha kuna jambo la kuchekesha. Panasonic ina sehemu iliyotokeza mbele ili mkono ushike vizuri. Leica wao waliiondoa, kamera ikawa laini kama kipande cha sabuni. Aliyetaka pa kushikia aliuziwa kishikio peke yake, kwa pesa nyingine! Basi aliyelipa zaidi ndiye aliyepata kidogo zaidi mkononi.

Kwa nini basi watu walinunua? Walinunua chapa.

Neno chapa wafugaji wanalijua vizuri. Ng'ombe hupigwa chapa ili ajulikane ni wa nani. Bidhaa nayo hupigwa chapa ili mnunuzi ajue imetoka kwa nani. Mtu akinunua jembe la chapa fulani, likadumu misimu mitano, safari nyingine dukani haulizi chuma chake. Anauliza chapa tu. Jina limekuwa shahidi wa chuma. Lakini kwenye kamera hizi mambo ni mengine: ng'ombe amelelewa katika boma moja, akapigwa chapa ya boma jingine, na wenye maboma yote mawili wamekubaliana.

Jina la Leica halikuokotwa njiani. Katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha bwana Ernst Leitz. Kilitengeneza hadubini, yaani kile chombo ambacho mpimaji wa zahanati hukitumia kutafuta vijidudu vya malaria katika damu. Fundi mmoja wa hapo, Oskar Barnack, alipenda kupiga picha, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito, na kuyabeba mlimani kulimshinda. Akabuni kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema. Ya kwanza ya majaribio ilikuwa tayari kufika mwaka 1914. Vita Kuu ikaingia kati. Mwaka 1925 kamera hiyo ikaonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig. Ikaitwa Leica, yaani kamera ya Leitz.

Toka hapo mpiga picha aliweza kutembea na kamera shingoni na kupiga picha watu wakiwa kazini au njiani, bila kuwapanga mstari. Waandishi wa magazeti waliichukua mpaka vitani. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa dunia, aliitumia miaka mingi. Kwa hiyo jina hili lilifanyiwa kazi, tena kazi ngumu.

Shida ilikuja filamu zilipoanza kuachwa. Kamera mpya zikawa vyombo vya umeme, zina ndugu zaidi na redio na kompyuta kuliko saa ya mkono. Mafundi wa Wetzlar walikuwa mabingwa wa vioo na vyuma. Umeme haukuwa shamba lao. Na kamera ndogo za namna hii hazilipi mpaka uzitengeneze kwa wingi sana. Kufika mwaka 2005 kampuni ya Leica ilikuwa karibu kufilisika.

Upande wa Japani walikuwapo watu wenye umeme lakini wasio na jina katika kamera. Hao nawe pengine unawajua, ila kwa jina jingine. Wazee watakumbuka redio na betri za National. Zilitengenezwa na kampuni ya Kijapani iliyoitwa Matsushita, na kiwanda chake cha Dar es Salaam kilianza miaka ya 1960. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilibadili jina lake na kuitwa Panasonic. Ni haohao. Mwaka 2001 walipoanza kuuza kamera zao za Lumix, waliweka jina la Leica kwenye lenzi. Mnunuzi akasema, kama kioo ni cha Leica, basi nanunua. Na Leica nao wakapata kamera za umeme za kuuza bila kujenga kiwanda kipya. Kila mmoja alimpa mwenzake kile alichokosa.

Tusichanganye jambo hili na bidhaa bandia. Betri ya bandia mnadani imebadilishwa herufi moja katika jina, na ukiitia kwenye tochi inakufa usiku uleule. Huo ni wizi. Kamera ya Leica iliyotengenezwa na Panasonic ni kamera nzuri, na mkataba upo. Kilichofichwa hapo si ubovu. Kilichofichwa ni kwamba jirani yake mezani ni pacha wake.

Wako waliovuka mpaka. Kampuni ya Hasselblad ya Sweden ina sifa kubwa: kamera zake zilitumika mwezini mwaka 1969, binadamu walipokanyaga huko mara ya kwanza. Mwaka 2012 ilitangaza kamera iitwayo Lunar, jina lenye maana ya mwezi. Ndani ilikuwa Sony NEX-7 ya Japani, ambayo pamoja na lenzi yake iliuzwa chini ya dola 1,400. Hasselblad waliiwekea kishikio cha mbao nzuri na mapambo. Bei? Karibu dola 7,000.

Mwaka 2013 wakarudia. Kamera ndogo ya Sony RX100, iliyouzwa dola 650, ikavikwa kishikio cha mbao na kuitwa Stellar. Bei ikawa karibu dola 2,000, yaani mara tatu. Safari hii wapiga picha hawakukasirika tu, walicheka. Na kwa chapa, bwana, kuchekwa ni kubaya kuliko kukasirikiwa. Mbao haipigi picha. Dola 300 za kidoa chekundu mtu anaweza kuzitetea, maana kamera za Leica zikiuzwa mkono wa pili kwa kawaida hushika bei vizuri kuliko za wenzao. Dola 5,600 za kipande cha mti hazina wa kuzitetea.

Mwaka 2015 Hasselblad walipata mkuu mpya, na biashara ile ya kuvika kamera za wengine ikaachwa. Mwaka 2016 walitoa kamera ya X1D waliyoiunda wenyewe. Ilikuwa ghali kuliko hata ile Lunar, lakini hakuna aliyecheka.

Sasa wewe uliyejifunza kusoma, chukua redio au tochi iliyoko nyumbani uigeuze. Herufi kubwa za mbele ni chapa. Huku chini au nyuma kuna herufi ndogo, na kwenye vyombo vingi ndizo zinazotaja nchi kilikotengenezewa, na mara nyingine kampuni yenyewe. Zisome zote mbili, kisha ukienda dukani kamuulize mwenye duka kama anacho kingine chenye herufi ndogo hizohizo.