Vita Inalipwa na Nani? Fundisho la Richard Cobden

Mataifa yakipigana, ni nani anayelipa? Richard Cobden (1804-1865), mufanya biashara wa nguo wa Manchester, alitia ulizo hilo katika Bunge la Uingereza.

Kwanza aliangalia mukate. Tangu 1815 sheria ilizuiza ngano ya inchi zingine. Wenye mashamba makubwa walipata faida, lakini mutu wa kazi alinunua mukate kwa bei kali. Cobden na wenzake walishindana na sheria hiyo, hata Bunge likakata shauri la kuiondoa mwaka 1846.

Halafu akaona ya kuwa vita ni ginsi moja na sheria ile: wachache wanapata faida, wengi wanalipa. Feza ya mizinga inatoka katika kodi na madeni. Na deni linawaficha watu bei ya vita, kwani watoto wao ndio watakaolipa. Kwa hiyo alikataa vita ya Krimea (1853-1856), hata watu wengi walipomuchukia. Mwaka 1857 alilaumu serkali kwa kupiga muji wa Canton katika China. Katika uchaguzi uliofuata akapoteza kiti chake. Hakugeuza neno. Mwaka 1860 alifanya mapatano ya biashara kati ya Uingereza na Ufaransa.

Je, biashara inatosha kuleta amani? Hapana. Uingereza na Ujerumani ziliuziana vitu vingi, lakini mwaka 1914 zilipigana. Hata hivi ulizo la Cobden linabaki: mbele ya kushangilia vita, sharti tuulize nani anapata faida, na nani atalipa.