Je, Wajua? OK ilianza kama mzaha
Machi 23, 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani lilichapisha herufi "o.k." kwa maana ya "yote sahihi". Zilifupisha "oll korrect", maneno "all correct" yaliyoandikwa kwa makosa ya makusudi. Vifupisho vya mzaha kama hicho vilikuwa vingi siku zile, na karibu vyote vimekufa. Hiki kilinusuriwa na siasa: mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, walimpigia debe kwa jina la "Old Kinderhook", ambalo herufi zake za mwanzo pia ni O.K. Alishindwa uchaguzi, lakini OK ikabaki. Tunamshukuru mwanaisimu Allen Walker Read, aliyefukua historia hii miaka ya 1960. Leo OK ni kukubali, kuruhusu, hata kuidhinisha. Lakini Mwingereza akisema chakula kilikuwa OK, hajakisifu: kilikuwa cha wastani tu.