TUZIWEKE WAPI NAKALA ZA DISKI ZA OFISI?



Siku hizi majina yetu hayamo katika madaftari tu. Kilo za chikichi zilizopimwa kwenye mizani, siku za kazi, ada ya chama, na miezi ya michango inayopelekwa INSS kwa ajili ya pensheni, vyote huandikwa kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta mna diski, na diski huchakaa kama chombo kingine chochote cha kiwandani. Ikifa bila nakala, mzee aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye michikichi ataonyesha nini kwamba alilipiwa michango yake?

Mwambao wetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, una hatari zaidi. Umeme hukatika. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za watu. Moto nao tunaujua: tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Ndiyo maana kila ofisi inayoshika hesabu za wafanyakazi inapaswa kuwa na sava, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kutunza nakala za kompyuta nyingine.

NAKALA KAMILI NI NINI?

Kunakili mafaili ni kama kuandika upya kurasa za daftari. Nakala kamili ya diski ni kama kulichukua kabati zima, na kila kitu kikiwa mahali pake: mafaili, programu, na mipango yote ya mashine. Diski ikifa, unaweka mpya, unairudishia nakala ile, na karani anaendelea na kazi siku hiyo hiyo. Clonezilla ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo, nayo huweza kupeleka nakala moja kwa moja kwenye sava.

SAVA YA NAMNA GANI?

Kwanza, ukubwa. Tuseme ofisi ina kompyuta 5, na kila diski imejaa gigabaiti 120. Clonezilla kwa kawaida huchukua sehemu zilizoandikwa tu, kwa hiyo nakala za mara moja ni gigabaiti 600. Tukitunza za miezi mitatu ni 1,800. Diski ya terabaiti 4 itatosha na nafasi itabaki. Usitunze nakala ya mwezi mmoja tu, kwa sababu kosa la hesabu huenda likaonekana baada ya wiki nyingi.

Pili, diski za sava ziwe mbili, kila moja ikiandikwa sawa na mwenzake. Moja ikifa, ya pili inaendelea. Lakini tusidanganyike: faili likifutwa, linafutika kwenye zote mbili.

Tatu, waya. Kwa waya na vifaa vya megabiti 1,000 kwa sekunde, gigabaiti 120 hupita kwa dakika 20 hivi. Kwa vile vya zamani vya megabiti 100 ni kama saa tatu. Kwa intaneti inayopeleka megabiti 2 tu, ni siku tano na nusu mchana na usiku. Kwa hiyo anayetuambia tupeleke kila kitu kwenye intaneti, kwanza apime kasi ya laini yetu.

Nne, mashine yenyewe. Si lazima iwe ya bei kubwa. Kompyuta ya zamani iliyo nzima, ikiwekewa OpenMediaVault ambayo ni ya bure, inatosha. TrueNAS nayo ni nzuri, maana hugundua data iliyoharibika kimyakimya, lakini inataka kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Yako pia makasha yaliyotengenezwa tayari, yanayokula umeme kidogo. Kabla ya kununua, uliza nani atalitengeneza likiharibika.

Tano, betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, nakala inaweza kuharibika.

NAKALA MOJA IKAE MBALI

Sava ikikaa chumba kimoja na kompyuta, maji au moto utachukua vyote. Iwekwe juu ya meza imara, si sakafuni. Kisha kila mwezi nakala zihamishiwe kwenye diski ya nje, ipelekwe nyumba nyingine huko mlimani, mbali na ziwa. Nakala hiyo ina majina na mishahara ya watu, kwa hiyo ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lijulikane na viongozi wawili, asije mmoja akaondoka nalo.

TUULIZE MKUTANONI

Nakala ambayo haijajaribiwa haiaminiki. Kila miezi mitatu fundi achukue diski tupu, airudishie nakala, aiwashe mashine, na karani atafute humo jina la mfanyakazi mmoja na michango yake.

Mwanachama hahitaji kuwa fundi ili aulize mambo matatu: Nakala ya mwisho ni ya tarehe gani? Ile ya mbali iko wapi? Na mara ya mwisho kuijaribu ilikuwa lini? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, maana jasho la miaka limo ndani ya diski hiyo.